Mshenga wa Watu wa Benidorm

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Barking, London, na mwaka jana kwa miezi kadhaa nilikuwa mtu wa Benidorm, kule Hispania. Usicheke. Mshenga akishakubali kazi, ukoo anaouposea ndio ukoo wake mpaka jibu lirudi. Anasema "sisi", hasemi "wao". Basi nami nikasema sisi. Sisi watu wa Benidorm, bibi zetu, bahari yetu, kanisa letu lenye kuba za buluu. Mimi, Mwislamu wa Tanga! Mume wangu akinisikia nafanya mazoezi jikoni alikuwa anatikisa kichwa na kuongeza sauti ya televisheni.

Mambo yalianzia wodini. Nafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa katika hospitali moja mashariki mwa London, na zamu zangu nyingi niko na nesi mmoja Mhispania, mjane, mama wa mtoto mmoja wa kiume. Siku hiyo tulikuwa tunatandika kitanda, yeye upande ule, mimi upande huu, akaniuliza taratibu tu, kama anayeuliza bei ya nyanya, eti mshenga ni mtu gani na anapatikana wapi. Shuka likanitoka mkononi. Kumbe kijana wake kapenda Mtanzania, binti aliyezaliwa hapa hapa London, na baba wa binti kasema hataki kumwona kijana wala mama yake mpaka aje mshenga na kusema kwa Kiswahili. Nikamwambia mshenga umempata, unatandika naye kitanda. Nilisema kwa sauti hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba na yeye aambiwe kuna nini.

Lakini habari ilikuwa na mwiba. Baba wa binti ni Mchaga, anakaa Ilford, jirani na Barking, tunaonana ukumbini kwenye shughuli za Watanzania, na binti huyo ndiye mtoto wake pekee. Binti alipomtajia kwamba kijana ni mtu wa Benidorm, mzee alicheka kicheko kibaya. Benidorm anaijua, nani London haijui? Ni kule watu wanakopanda ndege kwenda kuota jua na kulewa. Mji wa hoteli, akasema, na hotelini si kwao mtu. Yeye ana kihamba mlimani Kilimanjaro, shamba la ukoo, migomba na kahawa na makaburi ya wazee humo humo. Atawaambiaje ndugu zake kwamba binti yake kaolewa na mtu asiye na kwao? Na binti naye, pamoja na kwamba Kiswahili anakisikia tu na kujibu kwa Kiingereza, kwa jambo hilo alikuwa Mchaga mtupu: bila baraka za baba, haolewi.

Basi kazi yangu ikawa hiyo. Nionyeshe kwamba kijana ana kwao. Nikishindwa, wale watoto wawili ndiyo basi tena.

Nisikufiche, nilikasirika. Sisi watu wa Tanga tumetaniwa tangu zamani, waja leo waondoka leo, kana kwamba mji wetu ni wa wapita njia na sisi wenyewe hatupo. Najua uchungu wa mji wako kuhukumiwa kwa wageni wake. Nikamwambia mwenzangu wa wodini, nipe historia yenu yote, usiache hata punje. Akasema historia anayo mama yake, bibi wa kijana, mwanamke wa miaka themanini na kitu anayeishi kule kule na haendi popote. Tukaanza kumpigia simu wakati wa mapumziko, chai mkononi, yeye akisema Kihispania kwenye spika na mwenzangu akinitafsiria kwa Kiingereza.

Jamani, nilichokikuta! Kumbe kabla ya hoteli pale palikuwa na mji wenyewe, nyumba nyeupe juu ya jabali linaloingia baharini, ufukwe kulia, ufukwe kushoto. Nchi kavu, maji ya kubeba, mlozi na mzeituni. Na wanaume wa mji ule walikuwa mafundi wa jodari. Hawakuwa wavuvi hivi hivi, walikuwa mafundi! Walijenga chini ya maji nyumba nzima ya nyavu, yenye vyumba na milango. Jodari akiingia chumba cha kwanza anakwenda cha pili, akifika cha mwisho hatoki. Pwani nyingine zikitaka kutegesha nyavu kama zile, zilituma watu Benidorm kuomba mafundi. Wanaume wakaondoka masika yanapoanza na kurudi joto linapokwisha. Mji ukabaki mikononi mwa wanawake. Wanawake walilima, waliuza, waligombana na mapadri, walizika.

Halafu jodari wakapungua mwaka hata mwaka, mpaka nyavu zikatolewa baharini zisirudi tena. Njaa ikabisha hodi. Mama yake bibi, naye akafanya la maana: akawapa wageni kitanda chake. Watoto wakalala sakafuni jikoni, yeye akalala juu ya meza, na wageni wakaamka wakasema kahawa yako tamu. Bibi alikuwa binti mdogo siku alipomwona Mwingereza wa kwanza kashuka ufukweni na bikini. Kwingine nchini humo polisi wangemfukuza. Padri wao akaja juu. Mama yake bibi alimtazama yule mwanamke kwa muda mrefu, kisha akasema huyu na baridi hii ya asubuhi atapata njaa sasa hivi, bandikeni sufuria.

Nilicheka nikamwaga chai. Nikamwambia mwenzangu, huyo mama ni mtu wa Tanga, kapotea njia tu.

Nikataka zaidi. Bibi akasimulia jinsi wakubwa wa mji walivyokaa chini na kuchora barabara pana kwenye mashamba wakati hata magari ya kupita hayapo, na watu wakawaona wehu. Wakaruhusu majumba yapande juu yatakavyo, ili kila dirisha lipate kipande chake cha bahari. Ndipo yakaota yale maghorofa unayoyaona kwenye matangazo ya safari. Na hapa, sikiliza, hapa ndipo niliposimama wima kwenye chumba cha mapumziko. Kumbe kwao mashamba mazuri ya bara, yenye mlozi, yalirithishwa kwa watoto wa kiume. Mchanga wa ufukweni, usioota hata mchicha, walipewa mabinti, ili isisemwe kwamba hawakupewa kitu. Hoteli zilipokuja zikataka nini? Mchanga! Bibi aliuza nusu ya mchanga wake kwa watu wa hoteli, na maisha yakabadilika.

Nikaona hapa ndipo nitakapoumalizia mchezo. Niliisimulia habari ile kwa dereva wa basi, kwa dada anayenisuka, kwa mume wangu mara nyingi kuliko alivyotaka. Mume wangu ndiye aliyekuwa mshenga rasmi, maana mzee wa Ilford alitaka mwanamume atangulie kubisha hodi. Lakini mume wangu ni mtu wa maneno machache mno. Tulikubaliana yeye abishe, mimi niseme.

Siku ya posa ilikuwa Jumapili. Mwenzangu nilimvalisha kitenge, nikamfunga na kilemba, nikamwambia atanyamaza mwanzo hadi mwisho. Kwa kawaida mama wa kijana haji, lakini alisema hana ndugu mwingine London na nyumbani hakaliki. Nilibeba sinia la visheti. Tukapanda basi, na basi likageuzwa njia kwa sababu barabara ilikuwa inachimbwa, likatuzungusha hata sijui wapi, tukafika tumechelewa. Mzee akatutoza faini mlangoni, ya kuchelewa na ya kuja na mama wa kijana, kwa uso mkavu kabisa. Mume wangu akalipa. Nikafurahi, maana Mchaga akikutoza faini ujue amekukubalia kuingia.

Sebuleni sikuona pa kuweka sinia. Dirishani palikuwa na chungu cha mmea wenye majani marefu ya kijani, nikataka kukisogeza. Mzee akaniambia taratibu nikiache hapo hapo. Ni sale, akasema, ndilo linalopandwa mipakani mwa kihamba kwao, na huwezi kusogeza mpaka wa mtu. Alilinunua duka la maua hapa hapa London, Waingereza wanaliweka ofisini kama pambo. Mkewe alipokea sinia, akanionyesha kwa jicho kwamba nisijali, akarudi jikoni alikokuwa binti. Mlango wa jikoni haukufungwa.

Mume wangu akasema yake. Tumepita hapa tumeona ua zuri bustanini, tumekuja kuuliza mwenyewe. Akanigeukia. Nikaanza.

Wallahi nilisema! Nilijenga ile nyumba ya nyavu sebuleni, chumba kwa chumba, na nilimwona mzee anainama mbele kwenye kiti. Sisi watu wa Benidorm, nikasema, tuliitwa pwani zote kufundisha. Nilipofika kwenye sufuria na Mwingereza wa bikini, kicheko kilitoka jikoni na mzee mwenyewe akafuta macho. Alikuwa wangu. Mwenzangu hakuelewa neno lakini aliona nyuso, akawa anatabasamu ndani ya kilemba. Ndipo nikaupanda mlima wangu. Nikasema bibi yetu alipewa mchanga, na kwa akili yake akauza nusu kwa hoteli, akapata mara nyingi zaidi ya kaka zake, na hivyo ndivyo ukoo wetu ulivyoinuka.

Mzee akaweka kikombe chini.

Akauliza kama amesikia vizuri, kwamba bibi aliuza ardhi aliyopewa na baba yake. Nikasema ndiyo, bado na tabasamu langu, mjinga mimi, na mume wangu akanifinya. Kwao, mzee akasema, kihamba hakiuzwi, hata kwa njaa. Baba zao wamelala humo. Mtu anayeuza kihamba anamuuza baba yake. Akasema sasa ameelewa vizuri huko ni wapi, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayekunja mkeka.

Nimeishi na Wachaga tangu shule, nimekula ndizi zao, nimezika nao, na nikaenda kujisifia kuuza ardhi mbele yao! Kwa Mhispania ile ni hadithi ya ushindi na husimuliwa hivyo mezani. Kwa mzee nilikuwa nimekuja kuposa na kuungama papo hapo.

Mwenzangu akaniuliza kwa sauti ndogo kuna nini. Nikamweleza. Alibadilika rangi, kisha akavunja ile ahadi ya kunyamaza. Akatoa simu, akampigia mama yake, akaiweka juu ya meza kati ya visheti na kile kikombe. Uso wa bibi ukatokea, mdogo, mweupe wa nywele, nyuma yake ukuta wa jikoni. Mzee hakukataa. Alikuwa na heshima za kwao, na mwanamke mzee hakatiwi simu.

Bibi alisikiliza swali mpaka mwisho. Alipojibu, mwenzangu alilitoa neno kwa Kiingereza, na mimi kwa Kiswahili, kwa sababu mzee alishasema posa ni kwa Kiswahili tu. Akasema ni kweli aliuza. Walimpa mchanga kwa sababu ni mwanamke, na walicheka walipompa. Mchanga haulishi mtoto. Aliuza nusu ili juu ya nusu nyingine ajenge nyumba yenye mlango wake mwenyewe, na nyumba hiyo ndiyo anayokaa hadi sasa. Akainua simu akaizungusha dirishani tuone. Hoteli kulia, hoteli kushoto, ukuta mtupu juu kwa juu, na katikati nyumba ya chini yenye ua mdogo na mlozi mmoja. Jua, akasema, linamfikia mchana tu. Kila mwaka wanakuja wanaotaka kununua, na kila mwaka anawapa kahawa na kuwarudisha. Kaka zake waliopewa mashamba waliyauza yote hadi la mwisho. Ardhi pekee ya baba yao iliyobaki mkononi mwa ukoo ni ule mchanga wa binti.

Kisha bibi akasema jambo jingine, fupi. Mwenzangu alisita, akalitoa kwa Kiingereza, akatazama chini.

Mzee Kiingereza anakijua kama mimi na wewe. Miaka yote hii London. Lile neno lilimfika kabla sijafungua kinywa, nililiona likimfika. Lakini hakujibu, alikuwa ananisubiri mimi, maana desturi ni desturi. Na mimi, mama wa maneno, mimi ninayeongea na madereva wa basi, sikupata hata moja. Nilijua, kama ukumbi mzima wa Watanzania wa Ilford ulivyojua, kwamba mzee hana mtoto wa kiume, na kwamba ndugu zake mlimani wanampigia simu kila Krismasi kumwambia kihamba aandikishiwe mtoto wa mdogo wake.

Aliyesema ni mume wangu. Alikuwa ameshika kofia yake magotini.

"Mzee, bibi anauliza: na wewe, binti yako umempa nini?"

Mzee alisimama. Alimuaga bibi kwa Kiingereza, vizuri, akimwita mama, akatuambia jibu letu tutapata, akatusindikiza hadi getini. Kwenye basi nililia mpaka kilemba cha mwenzangu kikawa kitambaa changu. Nilijitukana kwa Kidigo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Yeye ndiye aliyenibembeleza, yeye mwenye mtoto! Mume wangu aliangalia nje tu, na nilipomuuliza ujasiri ule aliutoa wapi, akasema swali lilikuwa zuri, lingeharibika likiachwa pale mezani.

Wiki zikapita. Wodini tulitandika vitanda bila kutazamana. Kijana akaja kwangu siku moja, mrefu, mpole, akanishukuru kama mtu aliyetoka msibani, nikazidi kuumia. Kisha ikaingia simu kutoka Ilford. Mke wa mzee, sauti ya kawaida kabisa, akasema mzee anawaita washenga Jumapili, wote watatu, na simu ya bibi ije.

Safari hii tulitoka mapema mno, tukafika kabla ya wakati, tukazunguka mtaani tukisubiri saa itimie. Mwenzangu alivaa kitenge kile kile na kilemba kajifunga mwenyewe, upande. Sebuleni mambo yalikuwa vile vile, ila dirishani palikuwa patupu. Chungu kilikuwa mezani mbele ya mzee.

Hakutuuliza kitu. Alisubiri bibi atokee kwenye simu, akamwamkia, kisha akamwita binti kutoka jikoni. Binti alikuja anafuta mikono. Mzee akasimama, akakiinua kile chungu kwa mikono miwili, majani yakamfunika uso nusu, akampa.

Akamwambia amewapigia simu baba zake wadogo mlimani. Wamekasirika, watakasirika mpaka watakapochoka. Kihamba kina mwenyewe.

"Huu ndio mpaka wake," akasema. "Ni wako. Uza, usiuze, ni wewe."

Binti alisimama na chungu kifuani. Tangu nimjue sikuwahi kumsikia akimjibu baba yake kwa lugha nyingine zaidi ya Kiingereza. Akapiga goti, chungu kile kizito kikiyumba, mama yake akamshika kiwiko.

"Nimepokea, baba," akasema. "Siuzi."

Hapo sikuwa mimi tena. Nilikuwa nimeshafungua kinywa nipige vigelegele, mume wangu akaniwekea mkono begani, maana kwa utaratibu mambo hayajaisha. Kwenye simu bibi alikuwa anamuuliza mwenzangu kitu upesi upesi, naye hakuweza kutafsiri, machozi yalikuwa yamemzidi. Mzee akakaa, akaliweka sawa shati lake, akakunja uso wake wa faini.

"Haya," akasema, "watu wa Benidorm. Semeni mlilokuja kusema."